Lala Ubavu wa Kushoto

Watu hupenda kusema moyo umevunjika. Mimi ninayeitazama mioyo ya watu kwa mshahara wa serikali, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, sijawahi kuona hata mmoja uliovunjika. Nimeona iliyopanuka, iliyonenepa kuta, iliyochoka, iliyozungukwa na maji. Kuvunjika, hapana. Kwa hiyo siku niliyomwambia Octavian asinipigie tena simu, kifua kikaniuma hadi nikashindwa kumeza ugali, nilijua fika kwamba ndani mle kila kitu kiko mahali pake. Kiliniuma hivyo hivyo.

Alhamisi ninayoisimulia ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu nimwambie maneno hayo. Msinicheke kwa kuhesabu. Kazi yangu ni kuhesabu mapigo, na mazoea yana taabu.

Chumba changu kiko mwisho wa korido, baada ya maabara. Wagonjwa hukiita chumba cha giza. Mashine ya kupimia moyo, ile wanayoiita eko, kwetu ni moja tu, na watu huja kuifuata kutoka Mpwapwa, Kondoa, Bahi, hata Manyoni, wakiwa na barua za rufaa zilizokunjwa mara nne. Wanavua viatu mlangoni, ingawa hakuna aliyewahi kuwaambia wavue. Nje jua la Dodoma linakausha hadi mate mdomoni. Ndani kwangu ni jioni siku nzima. Pazia la dirisha nililishona mwenyewe kwa vitambaa viwili vizito vyeusi, lakini lina tundu dogo, na tundu hilo hudondosha doa la mwanga ukutani. Doa lile hutembea. Saa tatu liko karibu na swichi, saa tano linashuka kwenye mguu wa kitanda, na nikiwa peke yangu hulifuata kwa macho nikiwaza mambo ambayo mtumishi wa umma hapaswi kuyawaza saa za kazi.

Kupima kwenyewe kuko hivi. Mgonjwa anavua nguo ya juu, namkabidhi shuka. Analala ubavu wa kushoto, amenipa mgongo, ameelekea ukutani. Nabandika vibandiko vitatu, nazima taa ili nione vizuri kioo cha mashine, napaka jeli ya baridi kwenye kifaa, kisha nakaa nyuma ya mgonjwa na kupitisha mkono wangu wa kulia juu ya mbavu zake hadi kifuani. Nusu saa nzima nakuwa kama nimemkumbatia. Siongei, kwa sababu navihesabu na kuvipima vitu vidogo kuliko punje ya mtama. Na majibu simpi mtu. Majibu hutoa daktari. Ndiyo maana tangu chuoni nilifundishwa kuwa na uso wa kazi, uso usiosema heri wala shari, maana wagonjwa huusoma uso wa mpimaji kabla hata hajafuta jeli.

Sasa mpeni mambo hayo mjomba Bartolomayo wa Kongwa ayasimulie.

Mjomba huyu ndiye aliyenileta mikononi mwa Octavian, na ndiye aliyenitoa. Mwaka jana alikuja kupimwa, akisindikizwa na mpwa wake Octavian, daktari wa mifugo kule kwao, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu aliyekaa benchi la nje akiwa na kofia magotini. Nilipotoka kumwita mgonjwa, yule kijana alisimama kunisalimu. Alinitazama, nami nikamtazama, na hapo nilisahau jina la mgonjwa niliyetumwa kumwita. Ilibidi nirudi ndani kulisoma kwenye faili. Mengine yakafuata: zabibu za mwezi wa nane alizoniletea zikiwa bado na vumbi la shambani, matembezi yetu ya Jumapili kule Kikuyu, hapa hapa Dodoma, nyumbani kwetu, tukizunguka mtaa ule ule mara tatu ili maneno yasiishe.

Mjomba naye alirudi Kongwa akiwa mzima wa afya, na akiwa na hadithi. Aliwaambia watu kwamba hospitali kubwa kuna binti mzuri, alimvua shati, akazima taa, akampaka mafuta ya baridi, akamkumbatia kwa nyuma nusu saa bila kusema neno. Alisimulia kwa raha kabisa, kila mkusanyiko. Kwa hiyo Octavian alipokwenda kumwambia mama yake kwamba amepata mchumba, na mchumba mwenyewe ndiye yule wa chumba cha giza, mama alikataa kabla chai haijapoa. Alisema hawezi kupokea mkwe anayezima taa na waume za watu.

Octavian alieleza, akachora hata mashine kwenye mchanga kwa kijiti. Mama hakugeuka. Barua ya posa ilikwishaandikwa na kufungwa kwenye leso, iko sandukuni kwa mjomba huyo huyo, kwa sababu baba yake Octavian alishafariki na mjomba ndiye anayesimama. Ilibaki mama kusema ndiyo. Jumapili baada ya Alhamisi hiyo ukoo ungekaa mara ya mwisho, na mama akishikilia hapana yake, barua ingechanwa mbele ya watu. Mimi sikutaka kuwa mke anayeolewa kwa kumtoa mtu machozi. Ndiyo maana nilimwambia asinipigie hadi mama yake aseme neno. Kwenye simu nikasikia ng'ombe wakilia huko alikokuwa, kisha akasema sawa. Wakati mwingine natamani angekataa.

Basi Alhamisi hiyo, doa la mwanga likiwa nusu ya njia kwenda kwenye mguu wa kitanda, muuguzi wetu Paskazia aliniletea faili la namba saba akaliweka mezani polepole mno. Nikasoma. Dorkasi, umri miaka hamsini na minane, kutoka Kongwa. Jina la mwisho lilikuwa lile ambalo mimi, kwa upuuzi wangu, nilikuwa nimeshalijaribu nyuma ya daftari la zamu mara kadhaa, nikiliunganisha na langu kuona linavyokaa.

Paskazia aliniuliza kama amrudishe. Nilimwambia amwingize.

Aliingia mwanamke mdogo wa umbo, amejitanda kitenge cha zambarau, akatembea hatua nne akapumzika, akatembea tatu akapumzika tena, akijifanya anatazama chumba. Nikamwamkia. Aliitika marahaba, kisha akaanza kunitazama kuanzia kwenye viatu hadi kwenye nywele, bila haraka yoyote. Macho yalikuwa ya mwanawe kabisa, nami nikajikuta natazama chini.

"Wewe ndiye Elieth," alisema.

"Ndiye mimi, mama."

Nilimweleza kwamba ana haki ya kupimwa na mtu mwingine akitaka. Mwenzangu Gerson alikuwa mafunzoni, angerudi Jumatatu.

"Gerson ni mwanamume?"

"Ndiyo, mama."

Alifikiri. Niliona jinsi neno lake mwenyewe lilivyomzunguka likamfungia njia. "Basi nipime wewe," alisema, na akaanza kufungua vifungo.

Nilimsaidia na shuka. Nikabandika vibandiko. Nikamwambia alale ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, naye akalala, akitazama ukuta. Nilipofika kwenye swichi aliniita bila kugeuka.

"Kwa hiyo ni kweli taa inazimwa."

"Ni kweli, mama. Ikiwaka kioo hakionekani vizuri."

"Na utakaa mgongoni kwangu."

"Ndiyo."

"Na mkono utaupitisha hapa."

"Ndiyo, mama. Hakuna njia nyingine ya kuufikia."

Nje kule gurudumu la kitanda cha wagonjwa lilipita likilia. "Zima," alisema.

Nikazima. Giza lilikuja na ule mwanga wa samawati wa mashine, unaofanya kila kitu kionekane kama kiko chini ya maji. Nikakaa nyuma yake, nikapitisha mkono. Mgongo wake ulikuwa wa moto na mwembamba, ulinukia moshi wa kuni na samli. Nilimkumbatia mama yake Octavian gizani, mwanamke aliyekataa kuniona, na kwa dakika kadhaa nilisahau kwamba ni kazi. Nilimuwaza Octavian akiwa mchanga, amelala upande ule ule ninaoushika mimi, akisikiliza pigo hili hili kabla hajajua jina la kitu chochote. Nikaogopa kwamba mkono wangu unamwambia mawazo yangu, nikaurudisha kazini.

Kisha picha ikatulia, nikaona.

Moyo una milango, na milango ile ikiwa mizima hufunguka na kujifunga kwa wepesi wa mtu asiye na deni na mtu. Wa kwake mmoja ulikuwa umekakamaa. Ulifunguka kidogo tu, upande mmoja ukivutwa na mwingine, na chumba cha nyuma yake kilikuwa kimetanuka kwa kusubiri. Nimeuona mlango wa namna hiyo mara nyingi, kwa wanawake hasa, waliougua koo na viungo utotoni na hakuna aliyejua. Niliufunga uso wangu kama nilivyofundishwa, ingawa yeye alikuwa anatazama ukuta na hakuwa na namna ya kuniona.

"Umeuona," alisema.

Nilimwambia kwamba daktari atampa majibu saa nane mchana.

"Mkono wako ulisimama. Nimekamua ng'ombe miaka arobaini, mwanangu. Mkono wa mkamuaji ukiwaza, ng'ombe anajua." Alivuta pumzi, ikaishia katikati. "Majibu ninayo. Ninayo tangu Hilda yuko tumboni."

Hilda ni mdogo wake Octavian, wa mwisho, mwaka ule alikuwa na miaka kumi na sita. Basi mama alinisimulia, uso wake ukiwa ukutani na mkono wangu ukiwa kifuani kwake, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Daktari wa misheni alimwambia kwamba mlango mmoja haufunguki vizuri, asizae tena, na arudi kila mwezi. Hakuzaa tena. Wala hakurudi. Mume alikuwa amefariki, Octavian alikuwa ndio kwanza ameanza sekondari, mtoto anayeamka usiku kumfunika mama yake blanketi. Angejua, angeacha shule akakaa nyumbani kumhesabia pumzi. Kwa hiyo alinyamaza. Alijifunza kupumzika njiani kwa kujifanya anafunga kitenge upya. Alijifunza kulala ameketi na kusema kwamba ndivyo anavyopenda. Hata asubuhi hiyo alimwambia mwanawe kwamba amekuja kupima macho, akamwacha anakunywa chai kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara.

"Uongo ukikaa sana ndani ya nyumba unakuwa kama kinu," alisema. "Watu wanauzunguka tu, hawaulizi nani kauweka pale."

Nilikuwa napima.

"Halafu ananiambia amepata mchumba. Namuuliza anafanya kazi gani. Ananiambia anatazama mioyo." Mabega yake yalitikisika, nikajua anacheka. "Watu wote wa Tanzania hii, mwanangu akaenda kuniletea wewe. Nikajua siku utakayolala nyumbani kwangu usiku mmoja tu, utanisikia ninavyohema, asubuhi utakuwa umekwishajua. Bartolomayo akanipa fimbo, nikaishika."

Nilihisi hasira ikinipanda, sitaficha. Siku kumi na tisa sikulala vizuri, nimepungua hadi sketi ya kazi inazunguka kiunoni, kumbe huyu mama hata hakuziamini zile hadithi za shati. Lakini ni vigumu kumkasirikia mtu ambaye moyo wake uko chini ya kiganja chako, na unauona ukijitahidi kupita mlango ule mwembamba, mara themanini na nane kwa dakika, bila kulalamika. Hasira ilikuja ikakuta hakuna pa kukaa.

Ilinibidi kupima mwendo wa damu, na kipimo hicho kina sauti. Nikaifungulia. Chumba kikajaa ule mvumo, fuaa, fuaa, kama mtu anayepepeta mahindi mbali kidogo.

"Huyo nani?" aliuliza.

"Ni wewe, mama."

Alisikiliza kwa muda mrefu sana. Doa la mwanga lilikuwa limefika kwenye mguu wa kitanda. Nilikuwa nimemaliza vipimo vyangu vyote, lakini sikuizima sauti, maana nilimwona amefumba macho.

"Utamwambia?" alisema mwishowe.

"Siruhusiwi, mama. Na hata ningeruhusiwa, habari ni yako."

"Hata akikuuliza yeye? Yule akikuuliza kitu ana macho."

"Nayajua macho yake," nilisema, na nilishukuru kwamba kuna giza.

Nikawasha taa, nikampa karatasi za kujifutia, nikamvutia pazia la kitanda avae kwa nafasi yake. Nilichukua faili nilipeleke kwa daktari. Kufungua mlango, nikagongana na Octavian.

Alikuwa ameinama, anatazama kandambili za buluu zilizokuwa kizingitini, moja imefungwa kwa waya mwekundu. Aliifunga yeye mwenyewe, nilikuja kuambiwa baadaye. Akainua kichwa. Siku kumi na tisa zote zilikuwa usoni mwake. Ndevu hakuzinyoa vizuri, na chini ya macho palikuwa na kivuli. Nilitamani kukigusa kivuli kile kwa kidole gumba. Alikuwa na kofia mkononi, kama siku ile ya kwanza, na kwa sekunde chache tulisimama tukisahau kilichomleta.

"Elieth," alisema. Jina langu tu.

"Habari za siku nyingi."

"Wa macho wameniambia hawamjui." Alitazama kandambili, akanitazama mimi. "Mama anafanya nini humu?"

Nilimwambia yuko ndani anavaa, atatoka sasa hivi, amuulize mwenyewe.

"Nakuuliza wewe. Umempima?"

"Umeona viatu vyake, Octavian."

"Umeona nini?"

"Majibu yanatolewa na daktari."

"Mimi siyo mgonjwa wa foleni," alisema. "Ni mama yangu. Mzazi niliyebaki naye ni yeye tu. Nitazame, Elieth. Ana nini?"

Nikamtazama. Sijui kama mmewahi kutazamwa na mtu mnayempenda huku anaomba kitu mlichonacho mfukoni. Neno moja lingetosha. Ningesema neno moja tu, angenishika mikono pale pale kwenye korido, tungelia pamoja, na mambo ya Jumapili yangekuwa mepesi, kwani ni mama gani angebaki na nguvu ya kukataa baada ya siri yake kumwagika? Lile wazo lilinijia likiwa zima, limevaa na kujipamba. Nikaushika mlango kwa nyuma.

"Sina la kukuambia," nilisema.

"Huo uso naujua. Ndio uliomtolea mjomba."

"Ndio uso wa kazi."

"Na nyumbani utakuwa unauvaa?" Alirudi nyuma hatua moja. "Tutajenga nyumba gani, wewe unajua jambo la mama yangu, mimi mwanawe silijui, na unanitazama hivyo hivyo?"

Nilijua nikifungua mdomo, yatatoka yote.

"Basi labda mama alikuwa na haki," alisema.

Hapo ndipo nilipotamani ile mioyo ya kwenye nyimbo, inayovunjika mara moja ikaisha. Wangu uliendelea kupiga tu. Nilishusha macho kwenye faili, nikalisoma jina la Dorkasi mara tatu bila kuliona.

"Octavian." Sauti ilitoka ndani, nyuma ya pazia la kitanda, siyo kubwa. "Ingia. Funga mlango. Na wewe Elieth rudi."

Tuliingia. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kitenge amekwishajitanda, miguu haifiki chini. Alimwonyesha mwanawe kigoda changu cha kazi, akakaa. Mimi nilisimama karibu na mashine. Picha ya mwisho ilikuwa bado imesimama kwenye kioo, nami nikanyoosha mkono niifute.

"Iache," mama aliniambia. Alifungua kinywa kumwambia Octavian, akakifunga. Alitengeneza kitenge begani, akakitengeneza tena. Niliona mikono ile iliyokamua miaka arobaini haijui pa kukaa. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, zima taa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Zima. Kuna maneno hayatoki mtu akikutazama."

Nikaizima. Na katika mwanga ule wa chini ya maji, mama Dorkasi alimwambia mwanawe mambo ya miaka kumi na sita. Sitayarudia, mmekwishayasikia. Octavian hakumkatiza. Alipofika pale pa kulala ameketi, nilisikia kamasi zikivutwa, daktari mzima wa mifugo, mwanamume anayeangusha madume ya ng'ombe kwa kamba. Nilitaka kwenda kumshika bega. Nilibaki mahali pangu.

Mama alipomaliza, Octavian alitazama kioo. "Ndio huo?"

"Muulize Elieth."

"Mama ananiruhusu?" niliuliza.

"Nimekuruhusu."

Basi nikamwonyesha. Niliugusa mlango ule kwa ncha ya kalamu, nikamweleza unavyotakiwa kufunguka na unavyofunguka, na chumba kilichotanuka kwa kusubiri. Nilimwambia kwamba kuna watu wenye mlango kama huo waliotibiwa wakapanda ngazi tena, na kuna ambao ilibidi waende mbali zaidi, na kwamba huyu atakuwa wa kundi gani ni daktari atakayesema saa nane, mimi siwezi. Sauti yangu haikutikisika. Yake ndiyo ilitikisika aliposema asante, na sikujua ananiambia mimi au mashine.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," mama alisema. Alikuwa anazungumza na mimi sasa. "Nimesikia alivyokubana. Ungeniuza, ungempata."

"Ndiyo, mama. Nililiwaza."

"Ulikaribia?"

"Nilikaribia sana."

Akaniuliza, kwa unyenyekevu wa uongo kabisa, nimkumbushe kwa nini alikuwa amenikataa.

"Nazima taa na waume za watu, mama."

Alicheka hadi akakohoa, ikabidi Octavian ainuke kumshika mgongo. Alipopata pumzi alimwambia mwanawe ampigie simu mjomba Bartolomayo leo leo, aitoe ile barua sandukuni. Jumapili ukoo usikae kumsubiri yeye, maana amekwishasema. Mjomba aipeleke mwenyewe Kikuyu kwa baba yake Elieth.

"Na mwambie avae shati," aliongeza. "Vifungo vyote. Wasije wakadhani ndio mazoea yake."

Niliwasha taa. Mwanga ulitukuta watatu tumekodoa macho, nyuso zimelowa, hakuna aliyejua aanze na nini. Mama alishuka kitandani akasema anakwenda kuvaa kandambili zake, na kwamba hana haraka, atatembea hatua nne nne. Alitoka akatuachia mlango wazi, kwa heshima.

Octavian alisimama akiizungusha kofia mikononi. "Nilisema neno baya pale nje."

"Ulisema."

"Nifanye nini nalo?"

Nilikitazama kivuli kile cha chini ya macho. Safari hii nikakigusa, kwa kidole gumba, mara moja tu, na kidole changu kilikuwa bado na jeli. Alifumba macho kama mama yake alivyofumba aliposikia ule mvumo.

"Namba yangu haijabadilika," nilimwambia. "Anzia hapo."

Alicheka bila sauti, akatoka. Niliwasikia kwenye korido, hatua nne, kimya, hatua tatu, kimya, na sauti ya taratibu ikisema pole pole mama, na ya mama ikimjibu kwamba ndiyo maana hakutaka ajue.

Paskazia alimwingiza namba nane, babu mmoja kutoka Bahi, mrefu, mwenye fimbo na koti zito la baridi ya mwezi wa saba. Alinisalimu kwa Kigogo, "mbukwa", nami nikamwitikia. Nikamwambia avue shati. Nikabandika vibandiko. Lala ubavu wa kushoto, babu, mkono chini ya kichwa. Doa la mwanga lilikuwa limekwishaondoka kwenye mguu wa kitanda, likapotelea sakafuni. Nikazima taa, nikapaka jeli, nikainamia mgongo wake. Lakini yule babu hakuwa mtu wa kutazama ukuta. Aligeuza shingo, akanitazama kwa mwanga wa mashine, kwa muda mrefu, na wasiwasi ukaanza kumwingia.

"Binti," alisema, "mbona unalia huku unacheka? Umeona nini kwenye moyo wangu?"

"Wako bado sijaufikia, babu," nilimwambia. "Huu ni wangu."